Mswidi Aliyeikumbatia Helmeti

Kaa hapo, na hiyo simu iweke chini. Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi, mwanangu Nasri, mjomba wako Hamisi alipotoka barafuni katika mechi ya hoki akaenda kukaa kwenye benchi la timu pinzani, akidhani ni kwao. Watu uwanja mzima wakaangua kicheko. Mmoja tu hakucheka, na huyo ndiye ninayetaka kukueleza habari zake leo. Kwa sababu jana nimekuona kwa macho yangu ukitoka kwenye mechi umeshika ukuta kama kikongwe, kocha wako anakuuliza unajisikiaje, na wewe unamjibu "I'm good". Good ya wapi? Umenilaza na hasira mpaka kumekucha, na kesho eti una mechi nyingine!

Mtu huyo aliitwa Torsten, Mswidi, kocha wa hoki wa mjomba wako. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mimi nilikuwa binti, tunakaa huku huku ughaibuni, mtaa wa Crescent Town, na bibi yako na Hamisi, na Hamisi alikuwa na umri kama wako huu, mrefu, mbishi, amekolea hoki utadhani kazaliwa ndani ya friji na si Tanga. Bibi yako hakuelewa kitu katika ule mchezo. Alikuwa akikaa jukwaani na blanketi mapajani, akisoma dua zake, na kila wakigongana anasema, "Mtume! Na hawa wana wazazi?"

Torsten mwenyewe alikuwa mchezaji mkubwa siku zake. Kazaliwa kaskazini kabisa mwa Uswidi, baba yake akimwaga maji nyuma ya nyumba ili yagande apate pa kuchezea. Akawa beki wa timu kubwa ya kwao, halafu timu moja ya huku ikamleta. Kazi ya beki ni kugongana, hilo unalijua. Aliwahi kutusimulia kwamba mechi moja alibamizwa kwenye ubao unaozunguka barafu, akaona taa za uwanja zinacheza. Daktari wa timu akamwinamia, akamwuliza, uko sawa? Akasema niko sawa. Akarudishwa ndani, akapigwa tena. Kwao mwanamume halalamiki, alisema, na ukiwa mgeni ndio kabisa, maana ukitoka leo kesho nafasi ina mwenyewe.

Akaendelea hivyohivyo, msimu baada ya msimu, sawa, sawa, sawa. Mpaka siku aliyokwenda shuleni kumchukua binti yake, mwalimu akamwuliza, unamchukua mtoto gani? Jina likampotea. Jina la mwanawe wa kumzaa, Nasri! Alisimama getini jasho linamtoka na theluji inaanguka, mpaka mtoto akamwona mwenyewe akamkimbilia. Hapo ndipo alipotundika daluga, akaanza kufundisha vijana wa mitaa yetu.

Na alikuwa na utaratibu wake, ambao ulimletea maneno mengi. Kabla ya mazoezi alisimama kwenye kile kimlango cha kuingilia barafuni, amekiziba na mwili wake, na huingii mpaka umwambie kinachokuuma. Hakuuliza kama unaumwa. Alisema, "Niambie kinachouma." Kidole, tumbo, jino, umegombana na baba yako, taja chochote upite. Vijana wengine walicheka, lakini walitaja. Mjomba wako kila siku ni "hakuna". Torsten anamwambia, rudi nyuma ya mstari. Anarudi. Zamu yake ikifika tena, "hakuna". Kuna siku alisimama nyuma ya mstari mpaka mazoezi yakaisha.

Ndipo yule Mswidi akaja nyumbani kwetu. Amekasirika, uso umemwiva, anataka kujua mtoto huyu amefundishwa nini. Bibi yako akamkaribisha, akamwekea chai ya tangawizi na maandazi, na mimi nikawa mkalimani. Hata hajaanza vizuri kueleza, mlango ukagongwa. Alikuwa Mama Neema, jirani yetu Mchaga aliyekuwa akifanya kazi kwenye ghala la mizigo kule Malton. Kaingia na sare yake ya kazi, macho mekundu.

"Shikamoo mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu. Habari za tangu juzi?"

"Nzuri."

"Kazini?"

"Kuzuri tu."

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa."

"Na nyumbani Moshi, wazima?"

"Wazima, mama, tunashukuru. Ila kaka yangu amefariki."

Bibi yako akainuka akamkumbatia, na mimi machozi yakanilenga. Torsten akaniuliza, kumetokea nini? Nikamtafsiria yote, neno kwa neno, kama alivyotaka. Basi yule mtu akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka! "Nzuri, nzuri, wazima, halafu kuna maiti? Mtu anakuja na msiba mnamzungusha namna hii kabla ya kumruhusu alie? Sasa nimemwelewa Hamisi! Huyu hata akivunjika shingo ataniambia shingo nzuri!"

Nikapandwa na mori, mwanangu. Mgeni kuja kupiga meza ya mama yangu, mbele ya mfiwa! Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha wakati ule kwamba hiyo ndiyo adabu yetu, humbwagii mtu shida zako mlangoni. Akanitazama. Akasema kwa sauti ya chini, "Hata sisi tuna adabu hiyo. Mimi imeniharibu kichwa." Akamwomba Mama Neema radhi, akampa pole, akaondoka na chai hajaimaliza. Mama Neema ndiye aliyetushangaza. Alijifuta kamasi akasema, "Lakini huyu mzungu kasema kweli. Tangu kwenye basi natafuta wa kumwambia."

Sasa turudi Jumamosi ile. Ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu, na ilisemekana kuna watu wamekuja kutafuta vipaji. Hamisi akabanwa ubaoni na jitu moja, kichwa kikalia ko! Akaanguka, akainuka upesi, akanyoosha mkono kuonyesha hana neno. Kisha ndio akaenda kukaa kwenye benchi la wenzao. Watu wakacheka, hata mimi nilitabasamu. Torsten akavuka upande wa pili mwenyewe, akamshika mkono akamleta.

"Niambie kinachouma."

"Hakuna, kocha. Niko sawa."

Torsten hakubishana naye. Alimvua helmeti, akakaa, akaipakata mapajani akaikumbatia kwa mikono yote miwili. Bila helmeti, mwamuzi hamruhusu mtu kuingia, basi kwisha habari. Hamisi akamlilia, kocha nirudishie, kocha nakuomba, kocha mbona unaniharibia maisha. Akamtukana hata tusi. Yule Mswidi anatazama mbele tu kama sanamu.

Na wale wazazi! Mpaka leo nikiwakumbuka damu inachemka. Mwenyekiti wa kamati, mtu mzima na koti lake la maana, alishuka jukwaani akampigia kocha kelele, mtoto mwenyewe amesema yuko sawa, wewe nani? Kinamama wanazomea. Mmoja akanigeukia mimi, dada wa mchezaji, kwamba nikamwambie kocha familia imeruhusu. Familia gani? Nilimwambia kama ana hamu sana, amwingize mwanawe na kichwa kilichopasuka. Na hao, Nasri, walikuwa watu wazuri kabisa siku nyingine, wenye kuleta machungwa na kufunga watoto kamba za viatu. Uchu wa ushindi uliwapofusha. Tukafungwa.

Nje, kabla hatujafika kwenye basi, Hamisi alitapika juu ya theluji, akamwuliza bibi yako hapa ni wapi. Tukamkimbiza hospitali. Daktari alitueleza waziwazi kwamba ubongo umetikisika, na kwamba angepigwa tena mechi ileile, huenda tungerudi nyumbani bila yeye. Bibi yako alikaa chini kwenye sakafu ya hospitali.

Unajua kamati walifanya nini? Walimfukuza kazi yule Mswidi! Wakasema hana ushirikiano, anavunja moyo wachezaji. Hakuna hata mmoja aliyekuja kumjulia hali Hamisi. Wapumbavu! Samahani, lakini sina neno jingine.

Bibi yako akapika mkate wa kumimina, tukapanda basi kwenda kumshukuru. Akafungua mlango amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, mapazia yamefungwa, mwanga ulikuwa unamtesa siku hizo. Bibi yako, mazoea yana taabu, akaanza, "Habari za siku, baba?"

Na yule mtu akajibu kwa Kiswahili. Sijui nani alimfundisha, nafikiri Hamisi. Akasema, "Mbaya, mama. Kazi hakuna. Kichwa kinauma."

Bibi yako maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumjibu hivyo. Halafu akaanza kulia, akaniambia nimtafsirie, "Mwambie na mimi habari zangu mbaya. Mwambie silali tangu siku ile, nikifumba macho naona wanangu wanaanguka." Wakakaa wawili hao gizani wakipeana ubaya wao, mimi nikitafsiri huku na huku. Sijawahi kuona watu wakifarijiana namna ile. Tukatoka pale bibi yako anatembea mwepesi.

Baadaye Torsten alipata kazi ya kufundisha watoto wadogo kule Richmond Hill. Alisimama kwenye kimlango vilevile miaka na miaka, vitoto vinamtajia magoti na paka waliokufa. Mwishowe kumbukumbu ikamwisha, akapelekwa nyumba ya kulelea wagonjwa. Hamisi alikwenda kumwona, naye keshakuwa mtu mzima mwenye ndevu. Mimi nilikuwepo. Hakumtambua. Hakujua jina la Hamisi wala langu, na muuguzi alituambia hata binti yake mwenyewe, mzee anamwita "bibie". Lakini Hamisi alipovuta kiti akakaa, yule mzee alimkazia macho, akamwambia, "Niambie kinachouma."

Mjomba wako, huyo bingwa wa "hakuna", alimshika mikono akasema, "Roho, kocha. Roho inaniuma sana. Nilikutukana na wewe uliniokoa." Mzee akaitikia kwa kichwa kama anayesema haya, sasa pita.

Alifariki kabla msimu ule wa hoki haujaisha. Alikuwa mtu aliyejiharibu kwa neno moja, halafu akatumia umri uliobaki kusimama mlangoni ili watoto wa wenzake wasiliseme. Na sasa wewe, mtoto wa nyumba hii, unalisema! Kwa Kiingereza, eti ndio tofauti. Usinitolee macho. Nimeona ulivyofunga pazia la chumba chako asubuhi. Nimeona umemwaga chai ukitafuta mpini wa kikombe. Mimi si kamati ya uwanja, Nasri, mimi ni mama yako!

Sikiliza, na ukimaliza kusikiliza utafanya. Salamu yetu ni nzuri, sikukatazi. Mtu akikuuliza habari mlangoni, mjibu nzuri, ni heshima. Lakini anayeuliza ili akulinde, daktari, kocha, mamako, huyo usimpe salamu, mpe ukweli, tena uanze na ule mbaya. Atakayekucheka mwache acheke. Anayetaka uingie barafuni na kichwa kinachouma hakupendi, hata akikuita bingwa, hata akiwa ni wewe mwenyewe. Na siku utakapomwuliza mtu hali yake, ziba mlango kama Torsten, usimpishe na "niko sawa" wakati umemwona anapepesuka.

Helmeti yako nimeshaichukua, usihangaike kuitafuta kwenye begi. Iko chumbani kwangu, na nitalala nimeikumbatia.

Mungu akuhifadhie hicho kichwa, mwanangu, akuhifadhie na jina langu ndani yake, na majina ya watoto utakaowazaa, usije ukasimama getini kwa watu ukayatafuta. Akupe ulimi usioona haya kusema inauma. Amina. Sasa nitazame, na usinijibu kwa Kiingereza.

Niambie kinachouma.