Steji Iliyojengwa Shambani Kwetu

Mimi ni mwalimu, na walimu tuna tabia mbaya ya kusahihisha kila kitu, hata barua za mapenzi na matangazo ya harusi. Kwa hiyo niseme mapema kwamba kosa ninaloliandika hapa sikulisahihisha, ingawa muda nilikuwa nao. Nilikuwa na miaka mitatu mizima.

Kwetu ni mlimani, nje kidogo ya mji wa Meru, shamba jembamba linaloteremka hadi mtoni. Baba alizikwa sehemu ya juu nikiwa darasa la pili. Alifia njiani. Wanaume wanne walikuwa wamembeba kwa kitanda kumpeleka hospitali kwa sababu mvua ilikuwa imekata barabara, na walipofika kona ya kanisa wakakitua kitanda, wakavua kofia. Siku hizo hatukujengea makaburi kwa saruji. Mama alipanda maua ya mpaka upande wa kichwa na upande wa miguu, yale yenye vitunguu ardhini na majani mapana, ambayo kwetu hutenganisha shamba la mtu na la jirani yake. Maua hayo hayahamishwi. Mtu anaweza kukuibia mkungu wa ndizi na Jumapili mkasalimiana kanisani, lakini akisogeza maua ya mpaka, ukoo wake utasemwa mpaka wajukuu wazeeke.

Mimi niliyasogeza.

Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya Aprili. Mama alikuwa Kanyakine akimtunza dada yake aliyejifungua, na aliniachia kazi ya kupanda nepia, yale majani marefu ya kulisha ng'ombe. Nilianza vizuri. Kisha mstari wangu ukafika kwenye maua ukagota. Ningeweza kuuzungusha, lakini nilikuwa na kiburi cha msichana anayepata alama nzuri za hesabu, na mstari uliopinda ulinikera. Niliyang'oa maua, nikayapanda tena hatua nne upande wa chini, kichwa na miguu vilevile, nikayamwagia maji. Hayakunyauka hata jani moja. Mama aliporudi alisimama ukingoni mwa shamba akaangalia nepia kwa muda.

"Leo umepanda mistari iliyonyooka," akasema.

Nilifurahi. Nasema ukweli, nilifurahi sana, na nikayasahau yale maua kwa zaidi ya miaka ishirini.

Halafu wakaja watu wa mradi na vigingi vyao vyekundu. Mji ulikuwa umekua, wakasema, na sasa ungepata njia yake ya mabasi, kutoka soko la juu hadi hospitali, njia ambayo gari jingine halitaruhusiwa kukanyaga. Ilipita sehemu ya juu ya shamba letu, na steji moja, kituo cha kupandia basi, ingekuwa papo hapo. Watu wa mlimani tulishangilia. Wengi wetu tulikuwa tunateremka mjini kwa miguu na kupanda na mizigo mgongoni. Kwenye mkutano wao mama alisimama, na wote wakamgeukia kwa sababu walijua kaburi liko wapi.

"Hiyo gari itafika hospitali?" akauliza.

"Itafika, mama. Hata dakika kumi haitamaliza."

"Kama ni hivyo, baba yao atasogea."

Nilikuja kutoka Embu, ninakofundisha, kwa ajili ya siku ya kumfukua baba. Pasta aliomba. Vijana wa kuchimba walikataa kushika jembe kabla mbuzi hajachinjwa, na pasta akakumbuka ghafla kwamba alikuwa na simu ya kupiga nyuma ya nyumba. Mbuzi alipochinjwa wakachimba katikati ya maua, shimo jembamba, haraka haraka, maana hakuna anayependa kukaa na mikono katika udongo wa namna hiyo. Hawakupata kitu. Hawakupata ubao wala msumari wala kifungo cha koti. Mimi nilikuwa nimemshikia mama mwavuli. Niliinua macho, nikaona nepia yangu ya zamani, mashina makubwa sasa, yamepita kwa mstari ulionyooka hatua nne juu ya shimo. Hapo ndipo nilipoyakumbuka maua.

Baba mdogo akasema, "Udongo wetu ni mlafi. Miaka yote hii, mtu amekuwa udongo." Hakuna aliyebisha. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kufikiri kwamba maua ya mpaka yalikuwa yamesogezwa. Wangeshuku macho yao kwanza. Wakatia udongo kwenye sanduku dogo, mama akafungua kitambaa chake cha kichwa akaufunika.

Majembe yalikuwa bado pale. Ni hatua nne tu. Nilimtazama mama, uso wake umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi ngumu, nikajiambia nitamweleza nyumbani, baada ya chai. Baada ya chai kulikuwa na wageni. Kesho yake nilirudi Embu.

Sanduku lilizikwa chini, karibu na mparachichi, na mama mwenyewe akayahamisha maua akayapanda hapo. Baba mdogo akapima nafasi ya mama kando yake. Wiki iliyofuata mashine zilikuja zikamwaga kifusi, zikashindilia. Steji ikajengwa na paa la mabati ya bluu na benchi la saruji. Siku moja watu walipokuwa hawapo nilihesabu hatua zangu kutoka ukutani. Baba yuko chini ya benchi, au karibu nalo sana.

Njia ikakamilika, ikabaki kufunguliwa. Kibao kikawekwa: itafunguliwa mwezi wa nane. Mwezi wa nane ukapita, wakapaka rangi wakaandika mwezi wa kumi na mbili. Mara taa hazijafika, mara mabasi yapo lakini madereva hawajafunzwa, mara mgeni wa heshima yuko safarini. Mapipa yenye mchanga yaliziba kila mwisho wa njia, na askari akakaa hapo kuwafukuza watu wa bodaboda. Majirani wakaanza kuanika mahindi kwenye lami, maana ilikuwa lami nzuri isiyo na kazi. Niliporudi likizo nilimwona mwanamume akimsukuma mkewe mgonjwa kwa wilibaro kando ya njia hiyo, kwenye matope, huku lami ikiwa tupu pembeni yake. Askari alikuwa amemkatalia. Alituambia baadaye kwamba aliona aibu kuliko sisi, lakini kazi ni kazi.

Watu walinijia, kwa kuwa mimi ndiye mwalimu, wakaniomba niwaandikie barua. Niliandika mbili. Zilikuwa barua kali. Niliandika kwamba wananchi wamechoka kuahirishiwa, kwamba mwenye jambo la kusema na aliseme, kwamba kunyamaza nako ni kudanganya. Majirani walinisifu. Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Maana kila walipoahirisha, mimi nilipata nafasi nyingine. Njia ikiwa imefungwa, benchi lingeweza kuvunjwa. Ningewaendea watu wa mradi na kusema. Kwanza ningemwambia mama. Nilipanga kumwambia Pasaka, nikapanga kumwambia Krismasi, kisha nikangoja apone mafua.

Na mama alikuwa na mazoea mapya. Kila alasiri alipanda hadi steji na ungo wa maharagwe, akakaa kwenye benchi akichambua. Vijana walimtania kama bibi yao.

"Shosho, basi imekuacha?"

"Bado inavaa viatu," akawajibu.

Nikiwa nyumbani nilikaa naye. Sikuweza kutuliza visigino vyangu kwenye ile sakafu. Nilikaa miguu imeinuka, nimekanyagia vidole, mpaka misuli ikauma. Huko Embu, watoto walipochora pambizo kwa rula niliangalia dirishani. Nilimsikia baba akikohoa kwenye korido ya shule, kikohozi kile cha siku zake za mwisho, na nilipotoka kulikuwa na mhudumu na ndoo yake. Niliogopa, na bado naogopa.

Siku ya ufunguzi ilipotangazwa tuliamini, kwa sababu mahema yaliletwa. Kwaya ikaja, watoto wa shule wakapewa bendera. Mama alivaa sare yake ya kanisa, akaketi kwenye benchi lake toka saa mbili asubuhi. Saa sita wakasema mgeni yuko njiani. Saa tisa kwaya ilikuwa imeimba nyimbo zote inazozijua na kuanza upya. Saa kumi watu wa mahema wakaanza kukunja mahema yao bila kutuambia kitu.

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma akasimama juu ya kiti. "Sisi si watoto wa nursery," akasema. "Kila siku tunaambiwa tomorrow, tomorrow. Leo tomorrow imekuja na hakuna kitu." Akaenda akapiga pipa teke, wengine wakamfuata, wakayabingirisha mapipa hadi mtoni. Askari alikaa pembeni akila mhogo wake wa kuchoma. Watoto wakakimbia kwenye lami na bendera zao, juu na chini, mpaka wakachoka.

Mimi nilikuwa napiga kelele kuliko wote. Mama akanivuta mkono nikaketi.

"Usikasirike hivyo, mwanangu. Mimi nataka tu kuiona ikipita mara moja. Nijue sikumsumbua baba yako bure."

Alisema hivyo viatu vyake vikiwa juu ya baba.

"Mama," nikasema.

"Ee."

Alinitazama akingoja. Alikuwa na punje ya hindi begani, sijui ilitoka wapi, nikaitoa.

"Kutanyesha. Twende nyumbani."

Aliugua mwezi wa tano mwaka uliofuata. Tulimpeleka hospitali kwa pikapu ya jirani, tukazunguka kwa barabara ya zamani, na njia ile tuliiona upande wa pili wa bonde, mapipa mapya yamerudishwa. Alirudi nyumbani lakini hakuamka tena vizuri. Alasiri moja alinishika mkono akaniambia habari za mazishi yake, kama anayepanga mambo ya sokoni. Alitaka sare ya kanisa. Hakutaka maua ya plastiki.

"Mnilaze kushoto kwake," akasema. "Ndiko nilikokuwa nalala. Nimelala peke yangu muda mrefu."

Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na nafasi. Nilimwambia, "Ndiyo, mama."

Tukamlaza kushoto. Maua yalikuwa yamestawi, na watu walisema ni jambo zuri kwa mume na mke kurudi pamoja. Nilitupa udongo wangu kama wengine.

Njia ilifunguliwa miezi saba baadaye, Jumatatu asubuhi, bila mahema wala kwaya. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, miguu imeinuka, nikasikia mlio usio wa lori. Basi lilikuwa la kijani, jipya, na vioo visivyo na ufa hata mmoja. Lilisimama mbele yangu, mlango ukafunguka wenyewe. Ndani nilimwona yule fundi wa kuchomelea amekaa mbele kabisa kama bwana harusi.

"Ticha, ingia," akaniita. "Si ndiyo hii tulikuwa tunalilia?"

Niliangalia chini shambani. Mama amelala kushoto kama alivyoomba, na kulia kwake pana sanduku la udongo wa nepia.

"Mama, unaenda ama hauendi?" dereva akaniuliza.

Nikashusha visigino nikavituliza kwenye sakafu.

"Nenda tu," nikamwambia. "Mimi nimekaa na baba."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema, na nililisema kwa mtu asiyenijua. Alitazama benchi, akaona niko peke yangu, akafunga mlango, basi likaenda zake hospitali.