Filamu Ambayo Haikuwa Imeisha

Siku hizo nilikuwa nafanya kazi kwenye studio ya picha katikati ya jiji, orofa ya pili, juu ya duka la viatu. Shule niliachia darasa la nane, lakini ndoto nilikuwa nazo: siku moja nifungue studio yangu Kileleshwa, niwapige picha watu wa magari.

Asubuhi moja jirani yetu wa Kabiria, mama mjane, alipanda ngazi akihema. Alikuwa na kamera ndogo ndani ya mfuko wa plastiki.

"Kijana wangu, nataka unipige picha kwa kamera hii ya marehemu mume wangu. Lakini tarehe uirudishe nyuma miaka minne."

"Mama, unataka kuwa msichana tena?"

Hakucheka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amemshtaki. Alidai mama hakuwahi kuolewa, alikuwa tu rafiki wa kaka yake, kwa hivyo atoke kwenye nyumba na watoto wake. Kesi ilikuwa wiki iliyofuata. Kwao ndoa ni siku ile bwana anakata bega la mbuzi mbele ya wazee, na wazee wenyewe wawili walishazikwa, wa tatu akaegemea upande wa shemeji. Basi mama alitaka anunue bega, ajifunge leso ileile ya siku hiyo, na binamu yake avae kofia ya marehemu, aipe kamera mgongo.

"Si uwongo," akasema. "Bega lilikatwa. Ni picha tu imekosekana."

Nilimwamini. Nikakubali. Nilikuwa nikiigeuza kamera nitafute kitufe cha tarehe nilipoona namba kwenye kidirisha: kumi na tisa.

"Mama, humu kuna filamu."

"Si aliitoa?"

"Haijatoka."

Akakaa chini. Akakumbuka. Marehemu alikataa kuipeleka kusafishwa kwa sababu bado ilikuwa na nafasi kumi na saba kati ya thelathini na sita, akasema wangoje ubatizo wa mtoto. Nyumba ngapi nazijua zilizofanya hivyo! Nani angeharibu filamu ambayo haijaisha? Ubatizo ukaja, yeye akiwa tayari kaburini.

Nikaiingiza kwenye mashine, nikaanza kutembea. Dirishani, mlangoni, dirishani. Mwenye studio akaniuliza kama nina minyoo. Miaka minne ndani ya sanduku la nguo! Nyingi zilitoka ukungu mtupu. Nne tu zikatoka safi. Katika moja mama amejifunga leso, marehemu ana kisu, na aliyemshikia bega kwa mfupa, mdomo wazi kwa kicheko, ni shemeji mwenyewe.

Kortini niliitwa kueleza picha ilikotoka. Wakili wa shemeji akainama karibu nami kama rafiki.

"Tarehe kwenye kamera inaweza kubadilishwa?"

"Ndiyo. Dakika moja tu."

"Kuna mtu aliyekuomba uibadilishe?"

Mama alikuwa ameangalia sakafu. Nilifikiria watoto wake, na jinsi neno "hapana" lilivyo jepesi. Lakini nilikuwa nimeapa na Biblia bado iko pale mezani, na kama ningedanganya kwa hilo dogo, ile picha ya kweli ingesimama juu ya nini?

"Ndiyo. Mama aliniomba. Nikakubali. Halafu nikaona kuna filamu ndani."

Watu wakaguna. Wakili akatabasamu, akakaa. Nilijua nimemwangusha mama.

Hakimu aligeukia meza ya vielelezo. Aliomba utepe wa filamu, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, mzima, haujakatwa. Kisha akainua picha.

"Huyu aliyeshika bega ni nani?"

Shemeji akavuta kola ya shati.

"Ni mimi, mheshimiwa."

Nyumba ilibaki ya mama. Lakini tulipotoka alitembea mbele yangu, haraka, mpaka tukapita mtaa wa Woodley, ndipo akasimama.

"Ungenimaliza, kijana."

"Najua, mama."

Akaniangalia sana.

"Na zile kumi na saba?" akauliza. "Za ubatizo?"

"Zilitoka tupu, mama."

"Niletee hata hizo," akasema, akaendelea na njia.