Tochi Isiyoisha Betri

Mtu aliyekuwa akinifuata hakuwa na taa.

Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mwizi wa kawaida hubeba hata kibiriti. Huyu alitembea kwenye giza la msitu wa Hewani utadhani ni uani kwake. Nikisimama, anasimama. Nikienda, nasikia majani makavu nyuma yangu.

Ilikuwa 1998, miezi michache baada ya mafuriko makubwa. Nilikuwa mpishi wa shule moja kule Wema, na nimeolewa Hewani. Nikimaliza kugawa chakula cha jioni jua linazama, na njia yangu inapita kando ya mto, chini ya miti mikubwa ambako giza huingia mapema.

Mume wangu Fondo alikuwa kazini Malindi. Nyumbani tulibaki mimi, mama mkwe Mbeyu, na baba mkwe, mzee Baya.

Mzee Baya alikuwa mtu wa mila hasa. Miaka miwili ya ndoa, hajawahi kunisemesha. Si chuki, jamani, ni heshima. Kwake yeye, mzee haandamani njiani na mkaza mwana wake. Akitaka kitu anamnong'oneza Mbeyu, Mbeyu ananiambia mimi. Nilimjua kwa redio yake ndogo, na kwa viatu vyake vya tairi, cha kushoto kimeshonwa kwa waya.

Mwezi wa tatu, Halima muuza samaki akavamiwa kwenye njia ile ile. Walimvunja mkono.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aliyeumwa ni Halima, lakini aliyeanza kuogopa ung'ongo ni mimi.

Jumamosi nikaenda Garsen, dukani kwa Mukhtar. Nikashika tochi kubwa ya betri tatu. Akaninyang'anya.

"Hii hapana, mama. Hii nakaa kwa kikapu. Mtu nakuja, wewe bado natafuta kikapu."

Akanitolea ndogo ya chuma, urefu wa kiganja, ya betri mbili nyembamba, kitufe chake kitakoni.

"Shika kama mchi. Dole gumba juu. Piga yeye kwa macho, hesabu mbili, halafu kimbia. Hapana ona kitu huyo."

Nyumbani nikaitengeneza mpaka ikawa yangu. Mikono ya mpishi haikosi mafuta, kwa hiyo nikaizungushia mpira wa ndani wa baiskeli isiniponyoke. Nyuma ya balbu nikaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Ukingo wa kioo nikauziba kwa nta ya mshumaa, maji yasiingie. Kitakoni nikafunga kamba ya nailoni, naivaa mkononi.

Nikaijaribu. Mbeyu akafunika uso.

"We Lois! Wataka kunipofusha?"

Tukacheka.

Wiki hiyo hiyo nyayo zikaanza.

Nilimulika nyuma mara mbili tatu, nikaona migomba tu. Sikumwambia mtu. Nilijua Mbeyu angeniambia niache kazi, na kazi nilikuwa naipenda.

Kitu kimoja kilinifariji: betri za tochi yangu hazikuisha. Wenzangu jikoni walizianika zao juani na kuzing'ata ili zipate nguvu. Zangu, mwezi wa nne, wa tano, wa sita, mwanga ule ule. Nikajigamba shule nzima kwamba nimepata tochi ya miujiza.

Nyumbani kulikuwa kimya siku hizo, hata redio ya mzee haikusikika. Nikadhani imeharibika.

Alhamisi moja mwezi wa saba, nyayo hazikusimama. Zilikuwa zinakimbia.

"Simama! Simama wewe!"

Sauti nzito ya mwanamume. Sikuijua. Ningeijuaje, na mwenyewe hajawahi kunisemesha?

Nikageuka. Mkono ukainuka wenyewe, dole juu ya kitufe, nikampiga mwanga machoni.

Akasimama pale pale, kiganja usoni. Fimbo ikamwanguka.

Moja. Mbili.

Nyuma yangu kitu kikakoroma.

Nikajitupa kwenye migomba. Kiboko akapita pale pale nilipokuwa nimesimama, anakimbilia mtoni, na kati yake na mto alikuwa yule mtu, haoni kitu.

Sauti niliyoisikia sitaielezea hapa.

Nilipopata nguvu ya kumulika chini, nilichoona kwanza ni kiatu cha tairi kilichoshonwa kwa waya.

Nilipiga yowe mpaka watu wakaja. Wakambeba kwa kitanda cha kamba kumpeleka hospitali Garsen. Hakufika.

Matanga yalipokwisha, Mbeyu aliniita chumbani. Alikuwa ameipakata ile redio.

"Mama," nikasema, "mimi ndiye niliyemuua. Alikuwa amemsikia kiboko, ananionya, nami nikampofusha."

Akanipa redio.

"Fungua nyuma."

Nikafungua. Hamkuwa na betri. Vyuma vyake vilikuwa vimeanza kushika kutu.

"Tangu mwezi wa nne," akasema. "Ukilala, mimi ndiye niliyekuwa nakubadilishia. Akipata mpya, ni za tochi yako. Alisema habari za dunia zaweza kungoja, mtoto wa watu hawezi."

"Na msituni?"

"Kila siku. Alikuwa akikungoja pale njia inapoingia msituni."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Alinikataza. Aliona haya, watu wasije wakasema mzee anamfuata mkaza mwana wake porini." Akaniangalia. "Na wewe, mbona hukuniambia unafuatwa?"

Nikaenda kuchukua tochi yangu.

Betri nilizitoa siku ile ile nikazirudisha kwenye redio. Tukaiwasha, tukakaa tukilia mpaka habari zikaisha.

Tochi ndogo bado natembea nayo. Ukitaka yako, Mukhtar alisema kweli: iwe ndogo, kitufe kitakoni, na mpira wa kushikia. Mimi naongeza mawili. Ukisikia nyayo nyuma yako, waambie wa nyumbani. Na kabla hujampiga mtu mwanga machoni, mulika miguu kwanza. Huenda ukavijua viatu.