Kitabu cha Nne cha Binti Kofia

Wiki iliyopita mjukuu wangu alikuja likizo kutoka shule ya bweni, na kwenye sanduku lake la bati alikuwa na vitabu sita vinavyofuatana, vyote vya habari za wasichana wa Kizungu wanaosoma bweni kama yeye. Alijilaza kwenye mkeka wangu hapa Morogoro, miguu ameipandisha ukutani, akawa anasoma mchana kutwa na kucheka peke yake. Nilipomuuliza kinachomchekesha, akanieleza kwamba wasichana wamemfungia nje mwalimu wa muziki. Nikacheka naye, kisha nikashangaa machozi yananitoka. Mtoto akatupa kitabu chini akidhani ninaumwa. Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Wewe sitakudanganya hivyo, maana ni mtu mzima mwenzangu na umekuja kukaa.

Zamani za Wadachi nami nilikuwa msichana wa bweni. Usicheke. Kule juu, upande wa Matombo, misheni ilikuwa na nyumba ndefu ya udongo iliyoezekwa kwa nyasi, na ndani yake tulilala wasichana ishirini na kitu, wawiliwawili mkeka mmoja. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito hata huoni mgongo wa aliyekutangulia kwenda mtoni, unafuata tu mlio wa mtungi wake. Tulipalilia migomba, tulitwanga mpunga, tulifua vitambaa vya altare na kuvipiga pasi ya mkaa, na ole wake atakayeangusha cheche juu ya kitambaa cheupe. Chakula kilikuwa ugali na maharage, maharage na ugali, na Jumapili ndizi za kupikwa na karanga ambazo mpaka leo nikinusa harufu yake nasikia njaa ya kitoto. Kusoma tulisoma kidogo. Kushona tulishona sana.

Na saa ya kushona ndiyo ilikuwa saa yetu. Sista aliyetufundisha alikuwa kijana bado, mashavu mekundu, Kiswahili chake kinachechemea, maana kwake yeye mtu, mti na kiti vyote vilikuwa kitu kimoja. Alikuja kutoka kwao na vitabu vinne vya jalada la kijani alivyokuwa navyo tangu utoto. Hadithi ilikuwa moja, inaendelea kitabu hadi kitabu: shule ya wasichana kando ya ziwa, na msichana mmoja aliyechorwa kwenye jalada amevaa kofia pana. Jina lake halikukaa midomoni mwetu, tukamwita Binti Kofia. Sista alikuwa anasoma ukurasa kimyakimya, midomo inacheza, kisha anainua kichwa na kutusimulia. Huko kila msichana ana kitanda chake cha chuma. Mkuu wa shule ni bibi mnene mwenye funguo kiunoni, wasichana wanamwogopa na kumpenda. Ziwa linaganda kwa baridi mpaka watu wanatembea juu yake, na hapo tulimwambia Sista waziwazi kwamba kitabu kinasema uongo. Akacheka mpaka akaangusha sindano.

Niliyelala naye mkeka mmoja alikuwa msichana wa kijijini kwetu. Niruhusu nimwite mwenzangu tu, sipendi jina lake lipite midomoni mwa watu. Wengine sote tulizipenda zile hadithi kama mtu anavyopenda miwa, ukimaliza unatema makapi na kufuta mdomo. Yeye alimpenda Binti Kofia kama ndugu. Binti Kofia akiumwa, yeye hali chakula. Binti Kofia akigombana na rafiki yake, yeye ananiuliza mkekani nani mwenye makosa, nami nikisema sijui ananigeuzia mgongo. Alitaka awe mwalimu. Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayebeba yai.

Kitabu cha tatu kiliishia vibaya. Mama wa Binti Kofia alifariki, baba yake akaandika barua kwamba binti arudi nyumbani alee wadogo zake. Picha ya mwisho ilimwonyesha kwenye gari la farasi, mgongo umetugeukia. Sista alifunga kitabu, akasema cha nne tutakianza Jumatatu.

Hatukukianza, na kosa lilikuwa letu. Kitabuni wasichana walikuwa na desturi ya kufanya karamu za siri, basi na sisi tukataka yetu. Jumamosi ile, wakubwa walipojinyoosha baada ya chakula cha mchana, tuliiba miwa ya misheni na karanga za mbegu, tukajificha katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Tukala, tukacheka, tukafuta mikono kwenye mashuka. Padre mkuu, mzee wa ndevu nyeupe asiyecheka hata siku ya Krismasi, aliinua shuka moja akatukuta. Alipojua tumeyatoa wapi mawazo yale, alivichukua vitabu vyote vinne akavifungia kwenye kabati lake. Sista alisimama pale mlangoni mikono imejificha ndani ya mikono ya gauni lake.

Wiki ileile mjomba wa mwenzangu akaja. Unajua kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba ndilo neno. Mwenzangu alikuwa amevunja ungo, na habari zilikuwa zimefika nyumbani kabla hata hatujamaliza kuchekana. Padre na wajomba walikuwa na makubaliano ya siku nyingi: misheni inakaa na wasichana wadogo, lakini akishakuwa mwali ni wa nyumbani, na misheni haiingilii. Mwenzangu alikunja kanga yake, akaniambia sikioni, "Wakikisoma cha nne, usisahau hata neno." Nikamwapia.

Aliwekwa ndani kwa bibi yake. Mwali wa zamani zile si wa siku mbili tatu kama hawa wa sasa. Alikaa gizani miezi na miezi, halioni jua, anapakwa mafuta, anafundwa na wanawake wazima, na sisi ambao hatujavunja ungo hatukuruhusiwa hata kuvuka kizingiti. Ila kila mwisho wa mwezi tuliruhusiwa kwenda nyumbani kuchukua unga, na mimi nilijua nyumba ile. Nyuma, upande wa migomba, udongo ulikuwa umebanduka kati ya fito mbili. Nilichutama pale, nikagonga kwa ukucha.

"Nani?"

"Mimi."

Sauti yake ilikuwa nzito, sauti ya mtu asiyeongea. Hakuniuliza habari za mama yangu wala za wenzetu.

"Binti Kofia alirudi shuleni?"

Mungu ananiona, nilikuwa nimekuja kumwambia vitabu vimefungiwa. Lakini kidole chake kilikuwa kimetokeza kwenye ule ufa, kimekuwa cheupe kwa kukosa jua, nami nikakishika.

"Alirudi," nikasema.

"Nani alimrudisha?"

"Mkuu wa shule mwenyewe. Alifunga safari na gari la farasi, akamwambia baba yake, huyu ni mtoto wangu."

Nikasikia anavuta pumzi. Kisha akacheka, kicheko kidogo cha kuziba mdomo, na mimi nikaenda nyumbani nimefurahi kama mtu aliyefanya jambo la maana.

Kuanzia hapo kila mwezi nilimpelekea sura mpya. Njia nzima kutoka misheni, mgongo umepinda kwa kapu, nilikuwa natunga. Nilimpa Binti Kofia kitanda karibu na dirisha. Nilimpa cheti. Wadogo zake nikawatafutia shangazi mwema wa kuwalea, maana mwenzangu hakusahau kuwauliza. Siku moja nilipoinuka pale ukutani nikamkuta bibi yake amesimama kwenye migomba na jembe lake. "Shikamoo, bibi," nikasema. Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akaangalia pembeni, akaendelea kupalilia mahali palipokwisha kupaliliwa. Nadhani alikuwa anasikiliza muda wote.

Mwezi wa tano au wa sita, sikumbuki vizuri, mwenzangu hakusubiri nisimulie.

"Mjomba amepokea posa," aliniambia. "Mtu wa Mgeta. Nimemwambia bibi asihangaike. Nitakapotolewa nje Sista atakuja kunichukua."

"Nani kakwambia?"

"Si ndivyo wanavyofanya? Mkuu wa shule anakuja mwenyewe." Kisha akaniuliza kwa upole, "Umemwambia Sista siku yenyewe, eti?"

Niliondoka pale bila kuchukua unga. Nilipanda mlima nikikimbia na kulia, na nilipofika nilimkuta Sista anahesabu vitambaa vya altare. Nikamwaga yote: ufa, uongo, gari la farasi, posa. Nikamwomba aje. Nilimwambia si lazima gari, aje kwa miguu tu, asimame pale, aseme lile neno moja kwamba huyu ni mtoto wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alikwenda kwa Padre, akakaa huko muda mrefu, akarudi uso umekuwa mwekundu mpaka shingoni.

"Padre amekataa," alisema. "Nikienda, wajomba watawaondoa wote. Wote, unafahamu? Bweni itakufa."

"Nenda tu bila kumwambia."

"Mimi pia ni mtu wa kuambiwa," akasema. "Wakisema kaa, mimi kaa. Wakisema rudi kwenu, mimi rudi."

Nikamuuliza basi kitabu cha nne kinasemaje, Binti Kofia alirudi au hakurudi. Alisema hakurudi. Kitabu cha nne ni cha rafiki zake. Yeye anatajwa mara moja tu, kwenye barua, kwamba ameolewa na anawasalimu.

Nilikuwa na siku moja tu ya kumweleza mwenzangu ukweli, mwisho wa mwezi uliofuata. Nilijiandaa. Nilirudiarudia maneno njiani, kwanza nitasema hivi, kisha nitasema hivi. Nilipochutama pale ukutani alikuwa ameshanisikia nyayo, na kabla sijagonga akauliza, "Sista ameshaondoka?" Ungefanya nini wewe? Kila siku najibu swali hilo kwa namna nyingine, na zote ni nzuri kuliko ile niliyoitumia.

Nilisema, "Yuko njiani."

Siku ya kumtoa mwali ngoma zilianza tangu asubuhi. Wanawake walitoka vijiji vyote vya bonde lile, pombe ya mtama imejaa mitungi, kuku wamechinjwa, watoto wanakanyagana. Alitolewa amebebwa mabegani, amepakwa mafuta anang'aa, shanga shingoni na kiunoni, mzuri kupita maelezo. Mwali siku hiyo anatakiwa ainamishe macho. Yeye aliyainua. Alitazama juu ya vichwa vya watu, kwenye kile kinjia kinachoteremka kutoka misheni, na kila walipomzungusha uwanjani alikigeukia tena kinjia. Kungwi wake akampiga kofi pajani. "Inamisha macho, mwana! Unatutia aibu!" Akainamisha, akainua tena. Kinjiani walikuwa mbuzi wawili na mzee mmoja amebeba mzigo wa kuni.

Mimi nilikuwa mstari wa mbele na wasichana wenzangu, tunapiga makofi. Mzunguko wa tatu macho yake yakatoka kinjiani yakanifikia mimi. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yananiuliza tu, kama saa ya kushona mtu anapopotewa na hadithi akamgeukia jirani ampe alichokikosa. Niliinamisha kichwa nikaendelea kupiga makofi, na nilipokiinua walikuwa wamempitisha, naona mgongo.

Haukupita muda mrefu vita ikaja. Wadachi wakaondoka, na masista wakachukuliwa na jeshi lililowafuata, sikujua kwenda wapi. Kabati la Padre lilivunjwa na askari, na vitabu vya jalada la kijani sikuviona tena. Bweni lilikaa tupu, mvua ikaingia kwenye nyasi, kuta zikarudi kuwa udongo. Nilipopita pale miaka ya baadaye watu walikuwa wamepanda mihogo. Na desturi ya mwali kukaa gizani mpaka vidole viwe vyeupe, hiyo nayo haipo, na sitasema nasikitika kwamba imekwisha.

Mwenzangu nilionana naye mara moja tu, sote tuna watoto wakubwa. Ilikuwa sokoni hapa mjini, ameteremka na karoti na kabichi za Mgeta, mikono imekuwa ya jembe. Tuliulizana hali, tukahesabiana waliozaliwa na waliokufa. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, nione kama nitaomba msamaha kabla hajapata wateja. Akamvuta binti yake aliyekuwa anapanga mafungu.

"Msalimie mama yako mkubwa," akamwambia. "Huyu ndiye aliyekuwa ananisomea kitabu nilipokuwa ndani. Alikuwa anasoma vizuri huyu, wewe acha tu."

Nilimtazama usoni nione kama ananisamehe, ananidhihaki, au bado anaamini. Sikuona kitu. Binti aliniamkia, nikaitikia. Kisha mteja akauliza kabichi, mwenzangu akageuka kumhudumia, nami nikasimama pale na kapu langu mpaka jua likanichoma, kisha nikanunua karoti ambazo sikuzihitaji, nikaenda zangu.