Pamba Kwenye Kopo la Vidonge

Juzi nilimsindikiza mjukuu wangu kliniki ya uzazi wa mpango, huku Mtoni. Mbele yetu mama mmoja kijana alishachomwa sindano yake, nesi akamnong'oneza, "Na dawa ya kujikinga na Ukimwi je?" Akampa kopo.

Yule mama akalitikisa, vidonge vikalia. "Naitaka, sista. Ila mume wangu akisikia vinavyolia hivi atasema naumwa, na mwenye wanawake ni yeye!"

Masikio yangu hayajazeeka. Nikakumbuka enzi zetu, vidonge vya majira, vya kuzuia mimba, tulivifichaga kwenye unga.

"Mwanangu, shindilia pamba humo," nikamwambia.

Nesi akanikata jicho, kisha akatoa pamba.

Marehemu mume wangu alizikwa akiamini Mungu ndiye aliyetupangia watoto wanne tu.