Uso wa Mkeo Ukoje?

Juzi nilikuwa Malindi kwa bibi mmoja anayeuza udi na liwa barazani kwake. Akaja karani mmoja kijana, anakokota baiskeli.

"Shikamoo, Bi. Mke wangu kanituma liwa ya kujipaka usoni."

"Marahaba, mwanangu. Uso wake una mafuta au mkavu?"

Karani akaliinamia tairi la mbele. "Wa kawaida tu, Bi."

"Hakuna uso wa kawaida. Wenye mafuta, liwa yake huchanganywa na marashi. Mkavu, huchanganywa na maziwa. Ukikosea, utamuunguza mtoto wa watu. Umemuoa lini?"

"Huu mwaka wa sita."

Bibi akaufunika mkebe wa liwa. "Nenda kamtazame, kisha urudi."

Nilidhani hatarudi. Kahawa niliyokaribishwa ilikuwa haijesha, nikamwona huyo, jasho linamtiririka.

"Nshamtazama, Bi! Pua na kipaji cha uso vina mafuta, mashavu makavu. Na ana kidoti chini ya jicho la kushoto. Nilikuwa sikijui!"

"Kidoti sikukuuliza," akasema bibi, lakini alimpimia liwa huku anacheka. Akamwagiza: marashi kipajini na puani, maziwa mashavuni.

Nilimcheka yule kijana njia nzima. Nilipofika nyumbani nikakaa, nikamkazia macho mke wangu.

"Kuna nini usoni kwangu?" akauliza.

"Hakuna kitu," nikajibu haraka.

Wenzangu mliooa, jibu hilo msilijaribu. Chakula cha mchana nilikula peke yangu.