Turubai la Bluu Ng'ambo ya Alunguli

Adèle alikuwa mke wa Numbi, mfanyakazi wa reli, na walikaa mjini Kindu, mtaa wa Kasuku. Mama yake Adèle, Tshiela, mjane mwenye asili ya Kasai, alikaa ng'ambo ya pili ya mto Lualaba, mtaa wa Alunguli, akilima mihogo na karanga. Kabla ya vita, Adèle aliweza kuvuka kumsalimia na kurudi sombe, mboga yake ya majani ya mihogo, haijaiva jikoni.

Mwaka 2002 wapiganaji wa Mai-Mai waliuzunguka mji wa Kindu. Treni haikuja tena, chumvi iliuzwa kwa kijiko, na aliyetoka kwenda shambani alishukiwa na Mai-Mai na pia na wanajeshi walioshika mji. Kisha wanajeshi hao wakakataza kuvuka mto. Mitumbwi ikavutwa nchi kavu, ikatobolewa.

Adèle akawa anashuka ukingoni kila asubuhi. Sauti haikufika ng'ambo, ila macho yalifika. Aliijua nyumba ya mama kwa bati lake jipya. Akiona moshi wa jikoni unapanda, alirudi nyumbani moyo umetulia.

Jumanne moja hakuona moshi. Jumatano vilevile. Alhamisi akaona turubai la bluu limefungwa uani, na watu wameketi chini yake. Akajua ni matanga.

Alimkimbilia luteni wa wanajeshi hao pale bandarini.

"Chef, mama yangu amekufa kule ngambo. Uniruhusu nivuke, hata saa moja tu."

"Nani alikuletea habari?"

"Hakuna muntu. Niliona na macho."

"Basi na maziko utaona na macho."

Akamwendea mzee Assani, mpiga kasia aliyemvusha tangu usichana wake. Mzee akamwonyesha mtumbwi wake: tundu lake lingepitisha kichwa cha mtu.

"Mwanangu, risasi siogopi tena. Lakini nitakuvusha na nini?"

Jioni hiyo Adèle na Numbi walisimama ukingoni. Waliona watu wanne wamebeba kitu kilichoviringishwa mkekani, wakapotea nyuma ya nyumba. Adèle akavua kitambaa cha kichwa, akakipunga, akaita mpaka koo likakauka.

Njia ilifunguliwa baada ya miezi miwili. Mamy, jirani wa marehemu, alimpokea akilia, akimwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Tulikuona, yaya. Tulikuona na kitambaa. Tungefanya je?"

Ilikuwa homa, na dawa hazikuwepo. Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi mawili ya udongo: wiki ileile mpangaji mmoja wa nyumba hiyo naye alizikwa pale, kwa kuwa njia ya makaburini haikupitika.

"Ya mama njo gani?" Adèle akauliza, akiyatazama yote mawili.

Mamy akanyoosha kidole, akasita, akakirudisha. Elie, aliyechimba yote mawili na aliyejua lipi ni la nani, alikuwa amekwenda Kalima kwenye machimbo, na hakurudi tena.

Leo Adèle ni bibi. Huvuka kwa mtumbwi wa mota na kung'oa majani kwenye makaburi yote mawili. Mwaka jana binti yake, Falone, alinunua mfuko wa saruji ili kaburi la bibi yake lijengwe na jina liandikwe.

"Mama, tuandike ku kaburi gani?"

Adèle akausukuma mfuko pembeni. Falone akauliza tena wakati wa Krismasi, kisha akaacha. Saruji imeganda ndani ya mfuko wake, pale pembeni mwa sebule, na hakuna anayeitoa.